Mashine ya Kuwait katika Sanduku la Bati

Hatukwenda Voi kwa ajili ya kompyuta. Tulikwenda kumzuru bibi mmoja, rafiki wa siku nyingi wa mama zetu, aliyekuwa ameteguka mguu na kwa hivyo hakuweza kushuka Mombasa kwa harusi ya mpwawe. Tulipanda treni ya asubuhi, tukateremka Voi jua likiwa limeshapanda, na hadi kufika mlangoni kwake viatu vyetu vilikuwa vimegeuka rangi kwa lile vumbi jekundu ambalo kila mkaazi wa mji huo hulilalamikia na kila mgeni huondoka nalo. Tukapiga hodi, tukaitikiwa salamu, tukaketi. Kabla hata chai haijamiminwa, ikasikika kutoka chumba cha ndani sauti kali ya kukwaruza, mfano wa redio iliyopoteza kituo. Ilidumu muda mfupi, kisha ikanyamaza.

“Huyo ni mke mwenzangu,” akasema bibi, akimkusudia mjukuu wake wa kike aliye gredi ya nane. “Azungumza na mashine ya babu yake.”

Tuliingia kuitazama. Ilikuwa kibodi nene, yenye herufi za Kiarabu na za Kilatini pamoja, imeungwa kwa waya na televisheni kuukuu yenye mgongo mkubwa, na kwa waya mwingine na redio-kaseti. Kisanduku kingine hapana. Kompyuta yenyewe imo ndani ya kibodi. Juu yake limeandikwa jina Sakhr, ambalo kwa Kiarabu maana yake ni mwamba. Marehemu mume wa bibi aliinunua Kuwait, alikokuwa mtunza stoo, akaja nayo likizoni mwaka 1988. Mnamo Agosti 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait, marehemu alirudi nyumbani na nguo alizovaa na begi dogo la mkononi. Akiba yake ilipotea huko. Mashine ikawa ndiyo mali pekee iliyosalia kutoka miaka yake sita ya Ghuba, kwa kuwa tu ilikuwa imemtangulia Voi. Ikalazwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda, ikakaa humo zaidi ya miaka 30.

Sasa imepata mnunuzi. Jamaa mmoja wa nyumba hiyo aliipiga picha na kuituma kwa watu wanaokusanya kompyuta za zamani, na mmoja wao, aliyeko Ulaya, yuko tayari kulipa fedha zinazotosha kumaliza deni la ada za shule na kubakisha kidogo. Mjukuu anaomba isiuzwe. Bibi alitueleza yote haya akimimina chai, kisha akatukazia macho.

“Nyinyi ndio mwaandika magazeti, wanangu. Niuze au nisiuze?”

Hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililotuweka Voi siku tatu badala ya moja.

Kwanza tulitaka kujua kitu hiki ni nini hasa. Kompyuta za namna hii huitwa za biti nane. Biti ni tarakimu moja tu, sifuri au moja, na moyo wa mashine hii hushika tarakimu nane kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo nambari kubwa inayoweza kubebwa kwa mara moja ni 255. Mfano wake ni kupakua jahazi kwa wachukuzi wanane: kila safari magunia manane, hapana la tisa, na shehena kubwa huisha kwa safari nyingi. Simu zetu za leo nyingi zina wachukuzi 64, nao wanakimbia mara mamia kadhaa zaidi. Kumbukumbu ya mashine nyingi za zamani haikuzidi kilobaiti 64. Picha moja ya kawaida ya harusi tunayotumiana kwa simu haiwezi kuingia humo.

Hata hivyo mashine hizi zilileta mapinduzi. Kabla yake kompyuta ilikuwa mali ya serikali, benki na vyuo vikuu, na ililala katika chumba chake yenyewe. Tanzania hata ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kompyuta ikaingia sebuleni. Uingereza ilitoa ZX Spectrum mwaka 1982, ile ya kilobaiti 48 ikiuzwa pauni 175. Marekani mwaka huo huo ikatoa Commodore 64, iliyokuja kuuzwa zaidi ya milioni 10 duniani. Japani nayo, kwa kushirikiana na kampuni ya Microsoft, ikatangaza mwaka 1983 utaratibu mmoja ulioitwa MSX, ili mashine za viwanda mbalimbali ziweze kusoma programu zilezile.

Hapo ndipo Kuwait inapoingia. Kampuni ya Al Alamiah, iliyoasisiwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh, ilizichukua mashine za MSX zilizoundwa Japani ikazifunza Kiarabu: kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kuigeuza herufi umbo lake kulingana na mahali ilipo katika neno, mwanzo, kati au mwisho. Kwa kumbukumbu ndogo kiasi kile, hiyo haikuwa kazi nyepesi. Sakhr zikaingia majumbani na mashuleni katika nchi za Kiarabu, na miongoni mwa programu zake zilikuwamo za kusomea Qur’ani Tukufu. Baada ya vita kampuni ilihamishia kazi zake Cairo. Al-Sharekh alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal ya kuutumikia Uislamu mwaka 2021, akafariki mwaka 2024. Watu wetu wa Mombasa, Lamu, Voi na Unguja waliofanya kazi Ghuba miaka ile wengi waliziona madukani, na baadhi yao walikuja nazo pamoja na mablanketi, birika na redio. Twaamini ya bibi si ya pekee. Huenda ziko nyingine juu ya makabati ya watu, zimefunikwa vitambaa vya kufuma.

Mwanzo, mashine ya Voi ilipotolewa sandukuni, haikuwaka. Mjukuu aliibeba kwa baiskeli hadi kwa fundi wa redio na simu mjini. Fundi huyo hakuwahi kuona kitu kama kile, lakini alipofungua parafujo na kuinua kifuniko alicheka kwa furaha. Tulikwenda kumwona naye akatueleza sababu. Kila kitu kilikuwa kinaonekana kwa macho. Njia za shaba ni pana, vipande vimepangwa kwa nafasi, chipu zimeandikwa nambari, na chipu kubwa kati yao ilikuwa Z80, iliyobuniwa mwaka 1976, ambayo maelezo yake yamejaa vitabuni. Alipima kwa mita, akakuta kapasita mbili za sehemu ya umeme zimevimba, akazibadilisha kwa nyingine alizozing’oa katika redio mbovu. Kisha akasugua meno ya tundu la katriji kwa spiriti. Alitoza shilingi mia tano.

“Simu nikiifungua,” alituambia, “mimi nabadilisha kioo, betri, tundu la chaji. Ndani zaidi ya hapo siingii, kwa kuwa hapana pa kuingilia. Hii niliingia hadi chumba cha mwisho.”

Maneno ya fundi yanaeleza kwa nini watu wazima wenye akili zao, huko Ulaya, Japani na Brazili, hutumia jioni zao wakilehemu mashine zilizopitwa na wakati zamani. Hamu ya utotoni ipo, hatukatai. Lakini kompyuta ya biti nane huenda ndiyo ya mwisho ambayo mtu mmoja, kwa bidii ya miezi michache, anaweza kuielewa yote, tangu waya wa umeme hadi herufi inayotokea kwenye kioo. Chipu ya Z80 ina transista kama 8,500; za simu zahesabiwa kwa mabilioni. Hakuna mhandisi aliye hai anayeweza kusema anaijua simu yake kama yule fundi alivyoijua mashine ya marehemu baada ya alasiri moja.

Tofauti ya pili aliionyesha mjukuu mwenyewe. Ukiwasha simu, inakupokea kwa mambo yake: fulani ameandika, bidhaa fulani imeshuka bei, tazama video hii. Ukiwasha Sakhr, inakupa kioo kitupu na alama ndogo ya kungojea. Haitafanya lolote mpaka uiamuru, nawe waiamuru kwa lugha iitwayo BASIC, iliyobuniwa Marekani mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi wasiokuwa wa hesabu. Yapo maneno machache ya Kiingereza, PRINT kwa kuandika, INPUT kwa kuuliza, na kila mstari una nambari yake. Binti alijifunza kutokana na kijitabu kilichokuwamo sandukuni na kwa kuuliza huku na huku.

Programu yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya zaka, na aliianza kwa kishindo. Mashine iuliza jumla ya mali, iigawe kwa 40, itoe jibu. Akamwita bibi ajaribu. Bibi, kwa mzaha, akataja shilingi mia alizokuwa nazo kwenye ncha ya leso, na mashine bila haya ikamdai shilingi mbili na nusu. Nyumba nzima ilicheka, lakini binti hakucheka. Alikwenda kutafuta kosa. Alikuwa amesahau nisabu. Akaongeza swali la bei ya gramu moja ya dhahabu siku hiyo, mashine izidishe kwa 85, na mali ikiwa chini ya hapo iseme hapana zaka. Alipomwonyesha ustadhi wake wa madrasa, ustadhi alisoma kwa makini kisha akauliza, “Na mwaka je?” Ikabidi mashine iulize pia kama mali hiyo imetimiza mwaka kamili wa Kiislamu. Suala la vidani vya kuvaa waliliacha kwa masheikh, nasi twaliacha hapo hapo.

Tulimwuliza amejifunza nini. Alifikiri kidogo. “Kwamba yafanya niliyoiambia,” akasema, “si niliyokusudia.” Tumewasikia watu wazima wakisema maneno marefu zaidi juu ya elimu ya kompyuta na wasifike hapo.

Na hapa twaomba radhi kwa kutoka nje kidogo ya Voi. Kenya iligawa tabuleti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Ni hatua njema. Lakini tabuleti ilitengenezwa mtu aguse na kutazama, na kumfanya mtoto aiamuru ni kazi ya pili. Uingereza iliyaona haya mapema. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoona kwamba vijana wanaoomba kusoma kompyuta wanakuja na ujuzi mdogo kuliko waliowatangulia, mhandisi Eben Upton na wenzake walisema sababu moja ni kutoweka kwa zile mashine za sebuleni zilizomlazimisha mtoto kuandika. Wakaunda kompyuta ndogo ya bei nafuu, Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 2012, na aina zake wakaziita Model A na Model B kwa kuikumbuka BBC Micro, kompyuta ya biti nane iliyotumika katika shule za Uingereza tangu 1981. Waliotengeneza BBC Micro, kampuni ya Acorn, ndio waliobuni mwaka 1985 chipu ya ARM, ambayo vizazi vyake vimo katika takriban kila simu iliyo mkononi mwa msomaji wetu. Biti nane nazo hazikufa. Arduino Uno ya asili, kile kibao kidogo cha umeme ambacho wanafunzi hukitumia kutengeneza vipima joto na vinyunyizio vya maji, moyo wake ni wa biti nane na kumbukumbu yake ni kilobaiti mbili tu.

Turudi chumbani. Mashine ina udhia wake, na itakuwa uongo kuuficha. Umeme ukikatika, yote yaliyoandikwa hupotea. Binti alipoteza mistari zaidi ya 40 usiku mmoja, akalia, na tangu hapo huhifadhi kila baada ya mistari kumi. Mchezo mkubwa huchukua dakika kama tano kuingia kutoka kwenye kaseti, na mara nyingine hukataa dakika ya mwisho. Haiwezi kufungua mtandao wa serikali wala kusoma matokeo ya mitihani. Kakake binti, wa miaka kumi na saba, aliitumia siku mbili, akarudi kwenye simu yake, nasi hatumlaumu. Si kila mtoto atavutiwa, na mzazi atakayeilazimisha atapata tu kitu kingine cha kugombania nyumbani.

Kuhifadhi kwenyewe ndiko kulikoleta ile sauti tuliyoisikia. Mashine huigeuza programu kuwa mlio, na mlio hurekodiwa katika kaseti ya kawaida, ile ile ya mawaidha na taarabu. Programu ya zaka haifiki nusu dakika. Lakini kaseti tupu ni adimu siku hizi, na binti alipotafuta katika sanduku la babu yake alikuta kadhaa zisizo na jina. Akatia moja, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Kitufe kikakataa kushuka.

Kaseti ile ilikuwa barua. Waliokuwa Ghuba miaka ile watakumbuka: simu ilikuwa ghali na si kila mtu alipenda kuandika, kwa hivyo mtu alijifungia chumbani, akarekodi salamu zake, akampa anayesafiri. Marehemu aliituma kutoka Kuwait, na kabla ya kuituma alivunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, ambavyo vikiondolewa mashine haiwezi kurekodi juu yake. Binti hakujua hilo. Aliitoa, akaigeuza, akaona herufi ndogo za kalamu: jina la bibi na tarehe ya mwaka 1987. Walipoicheza, babu alikuwa akiwauliza watoto kama mvua imenyesha Sagalla, na kama paa limezibwa.

Bibi hakutusimulia hayo. Alitusimulia mjukuu, mlangoni, kwa sauti ya chini. Siku ya pili fundi aliunga waya kutoka redio-kaseti hadi kwenye simu, na kaseti nne za marehemu zikanakiliwa moja baada ya moja. Wasomaji wenye barua kama hizo wasingoje. Utepe huchakaa hata usipochezwa, na vipande vile vivunjwe leo.

Kwa wanaofikiria kutoa ya kwao kabatini, tuna maneno mawili matatu ya fundi. Isichomekwe kwenye umeme kabla haijafunguliwa na kuangaliwa. Adapta ya Commodore 64 hasa ni hatari, kwa kuwa ikichakaa huzidisha volti na kuziunguza chipu za kumbukumbu, hivyo iachwe na itumiwe mpya. Mashine zilizotoka Uingereza na Kuwait zinafuata umeme wetu wa volti 240 na mfumo wetu wa zamani wa televisheni. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka hapa utanusa moshi. Televisheni za mgongo mkubwa ambazo wengi walizitupa matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015 ndizo zinazofaa hasa. Na asiye na mashine anaweza kupata programu ya bure ya kuigiza kompyuta hizi ndani ya laptopu, akajifunza BASIC ile ile. Hapo atakosa mkono wa fundi, lakini kioo kitupu atakipata.

Ama kuhusu swali la bibi, usiku wa pili tulijaribu kulijibu. Tulimwambia kuwa deni la shule ni deni, na kwamba mashine hata ingeuzwa isingechukua kaseti pamoja nayo. Tulimwambia pia kwamba anayetaka kuinunua hataisubiri ivunjike. Ataitunza vizuri kuliko sanduku la bati. Tulijiona tumesema kwa insafu. Bibi alitusikiliza hadi mwisho, akauliza kama tumekula vya kutosha, akaenda kulala.

Asubuhi, tulipokuwa tukifunga begi, alimwita yule jamaa aliyepiga picha akamwambia ampelekee mnunuzi salamu, kwamba mashine ina mtu. Deni atalilipa kidogo kidogo kwa mahamri kama alivyolipa mengine. Kisha akatugeukia na kutupa kazi: tukifika Mombasa tumtafutie mke mwenzake kaseti tupu mbili, za dakika 60, zisizo na jina la mtu. Tumepata moja Kongowea, kwenye meza ya muuza mitumba. Ya pili bado twaitafuta, na msomaji aliye nayo asiyoihitaji na atuarifu.